UZI: King Creosote, Mskoti mwenye albamu zaidi ya 40 ambaye huenda hujawahi kumsikia

kanda_ya_zamani (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele. Leo sileti siasa wala usajili wa wachezaji. Nataka nimwandike mtu mmoja ambaye nimemsikiliza zaidi ya miaka kumi na sijapata mtu wa kupiga naye stori juu yake. Mke wangu amenichoka, anasema "huyo mzee wako wa kulialia". Nimeona nije humu.

Jina lake la kazi ni King Creosote. Jina la nyumbani ni Kenny Anderson, mzaliwa wa St Andrews, Uskoti, mwaka 1967. St Andrews ndiyo ile ya gofu, na ya chuo ambako Prince William alikutana na Kate. Lakini huyu bwana hana habari na gofu. Stori yake ipo chini kidogo, kwenye vijiji vya wavuvi vya Fife: Anstruther, Crail, huko.

Nilimjua hivi. Nilikuwa nasoma Dundee, mji ulio ukingoni mwa mto Tay. Ukivuka daraja upo Fife. Hela ya kula yenyewe ya kubana, kwa hiyo burudani yangu ilikuwa maduka ya hisani. Kule mtu akifariki au akihama, vitu vyake vinapelekwa duka la mitumba ambalo faida yake inakwenda kwa wagonjwa au wazee. CD pauni moja. Nikaokota moja inaitwa Diamond Mine, kwa sababu tu ilikuwa haina mikwaruzo.

Usiku nikaiweka, hedfoni masikioni, taa nimezima. Wimbo wa kwanza ukaanza na vikombe vinagongana, watu wanaongea kwa mbali, kijiko kinaanguka huko. Nikavua hedfoni. Nani tena anaosha vyombo saa hizi? Tulikuwa tunachangia jiko watu wanne na mmoja wao alikuwa na tabia hiyo. Kimya. Nikavaa tena, vikombe vimerudi.

Ilikuwa ndani ya CD. Wamerekodi mkahawa, wakauacha mkahawa uongee, halafu piano ikaingia taratibu kama mgeni anayetafuta kiti. Sikulala mpaka nyimbo zote saba zimeisha. Ni dakika 32 tu.

Naendelea, nachaji simu.

---

Binti_Pangani

Nipo siti ya mbele na kahawa yangu. Usikimbie kama wale wanaoleta uzi halafu "itaendelea" mwaka mzima.

---

mjukuu_wa_dj

Mkuu hilo jina mbona kama dawa? Babu yangu alikuwa fundi wa nguzo, alikuwa anaita kriosoti ile lami nyeusi ya kupaka miti isiliwe na mchwa.

---

kanda_ya_zamani

Hapo hapo mkuu, umeligusa. Ni dawa ile ile. Zile nguzo nyeusi za umeme za zamani, ukiegemea jua kali shati limekwisha, harufu hadi kesho. Kule walikuwa wanapaka uzio wa mbao. Sasa lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, aliyoianzisha Kenny katikati ya miaka ya 1990 iliitwa Fence, maana yake uzio. Kwa hiyo yeye ni Mfalme Dawa-ya-Uzio. Ndiyo utani wao watu wa Fife, mkavu, na hakuna anayecheka.

Kabla ya hapo alikuwa na bendi inaitwa Skuobhie Dubh Orchestra. Ukiona tahajia unadhani ni Kigaeli kizito, la heshima. Soma kwa sauti: ni Scooby Doo, yule mbwa wa katuni! Baadaye wakawa Khartoum Heroes. Mashujaa wa Khartoum, vijana wa pwani ya Uskoti. Mnisamehe, sina zaidi juu ya hilo jina.

Muziki upo kwenye damu. Baba yake, Billy Anderson, ni mpiga kodiani mwenye bendi yake ya ngoma za ukumbini, zile ambazo Waskoti wanashikana mikono na kuzunguka mpaka babu anavuliwa koti. Kenny naye amekua na kodiani. Na ana wadogo zake wawili mapacha, wote wanamuziki. Mmoja, Gordon, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Beta Band, bendi ambayo wakati fulani waandishi wa London walikuwa wanaisemea kama mkombozi. Gordon aliondoka mapema kwa sababu ya ugonjwa, lakini Dry the Rain, wimbo wao ambao watu wanaukumbuka mpaka leo, una mkono wake. Akajiita Lone Pigeon, njiwa mpweke. Familia nzima majina hayo hayo.

---

Binti_Pangani

Kodiani! Sisi wa taarab asilia tusikie kodiani halafu tukae kimya? Bibi yangu alikuwa anasema kodiani linapumua, ndiyo maana linaliza watu. Huyu analipigaje? Kama la Unguja?

---

kanda_ya_zamani

Hapana dada, tofauti. La Unguja linakwenda na fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi), linapamba sauti ya mwimbaji, linazungukazunguka. La huyu linavutwa nyuma ya wimbo, noti moja ndefu, kama upepo chini ya mlango. Lakini la bibi kuhusu kupumua nalichukua. Kuna sehemu unasikia kabisa kiriba kinafunguka kabla ya sauti kutoka.

---

Mkosoaji_Huru

Sasa mkuu samahani, mimi ni mtu wa hesabu. Albamu 40, na mimi niliyekaa Manchester miaka sita sijawahi kumsikia. Huko si kufeli? Mtu akitoa albamu 40 na hana wimbo mmoja unaochezwa harusini, sisi tunamwita nani?

---

kanda_ya_zamani

Hahaha, nilijua utakuja. Subiri nikueleze hizo 40 zilivyotengenezwa, ndipo uhukumu.

Miaka hiyo Kenny alikuwa anaendesha duka la muziki pale St Andrews. Mwishoni mwa miaka ya 1990 CD tupu zimeshuka bei, kompyuta imepata kifaa cha kuchoma. Mnakumbuka hapa kwetu vibanda vya kuchoma CD? Yeye akafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba alikuwa anachoma za kwake. Anarekodi nyumbani, anachoma nakala chache, karatasi ya kava anakata mwenyewe, anauza dukani na kwenye maonyesho. Zikiisha zimeisha. Mwezi ujao nyingine. Kwa mwendo huo, miaka kumi tu una rafu nzima.

Hakuwa peke yake. Fence ikawa kama kijiwe. Mwimbaji James Yorkston alipitia pale. Johnny Lynch, anayejiita Pictish Trail, alikuja kusoma St Andrews akaishia kuwa mshirika wake wa kuendesha lebo. KT Tunstall, yule dada aliyelipuka dunia nzima 2005 na albamu yake ya Eye to the Telescope, amekulia St Andrews na ujana wake ulikuwa na watu hawa hawa. Yeye aliuza mamilioni. Wenzake wakabaki wanakata karatasi za kava.

Halafu tamasha lao. Lilikuwa linaitwa Homegame, pale Anstruther. Hakukuwa na uwanja. Walikuwa wanatumia kumbi za kijiji, ukumbi wa kanisa, popote penye soketi ya umeme. Tiketi zilikuwa zinaisha upesi kwa sababu kijiji chenyewe hakina nafasi.

Mimi nilikwenda Anstruther tamasha likiwa limeshakuwa historia. Nilipanda basi kutoka St Andrews, siku ya mvua ya kunyunyiza, ile isiyolowesha lakini haikauki. Bandari ndogo, maji yametoka, boti zimelalia matope ubavu. Harufu ya mwani na mafuta ya kukaangia. Kuna makumbusho ya uvuvi hapo hapo bandarini, nikaingia kukwepa mvua. Nikatoka nikanunua samaki na chipsi, nikakaa ukutani, ndege wa baharini wakanisimamia kama watoza ushuru. Nikaweka hedfoni. Nikasema aah, kumbe. Zile sauti zilizoko kwenye CD ndizo hizi zilizokuwa zinanizunguka, tofauti ni kwamba yeye amezipangia foleni.

---

fundi_mitambo

Mimi nina studio ndogo huku Mbagala, nimetoka kuisikiliza hiyo Diamond Mine kwa ajili ya huu uzi. Naomba niongee kama fundi.

Sisi tunahangaika kubandika trei za mayai ukutani ili bodaboda isiingie kwenye rekodi. Jogoo akiwika tunarudia. Hawa jamaa wamefanya kinyume, wameingiza jogoo makusudi. Lakini sio ovyo! Sikiliza mwanzoni: kelele za mkahawa zipo juu, piano ipo chini. Kadiri inavyokwenda vinabadilishana nafasi bila wewe kugundua. Nimejaribu kushika sekunde ambayo mkahawa unaisha, nimeshindwa mara tatu. Aliyepanga hiyo ni nani?

---

kanda_ya_zamani

Jon Hopkins, mkuu. Mwingereza, mtu wa muziki wa kompyuta na piano, aliyefanya kazi na mtayarishaji Brian Eno na bendi ya Coldplay. Na hapa ndipo stori inanoga.

Nyimbo za Diamond Mine si mpya. Kenny alikuwa na lundo la nyimbo za zaidi ya miaka ishirini, nyingine zipo kwenye zile CD za kuchoma ambazo wamezisikia watu wachache. Hopkins akawa anachagua humo. Wakikutana, wanarekodi kidogo, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mwaka unapita. Wanakutana tena. Ilichukua kama miaka saba, kwa dakika 32. Ikatoka 2011 chini ya lebo ya Domino.

Kenny mwenyewe alisema ile ni kama muziki wa filamu ya maisha ya kijiji cha pwani, maisha yaliyopambwa kidogo. Ndivyo ilivyo. Kuna wimbo wa jamaa ambaye kazi inampeleka baharini mwezi mzima. Kuna mwingine, Bats in the Attic, wa mtu anayeziona mvi zikishuka kwenye ndevu za masikioni na kuanza kupiga hesabu ya muda alioupoteza. Wakati nausikia mara ya kwanza nilikuwa na miaka 26 nikaona ni wimbo mzuri. Sasa hivi nina mvi zangu, huo wimbo nauruka nikiwa naendesha.

Na anaimba kwa lafudhi ya kwao. Haigizi Umarekani. Hata herufi r unaisikia inavyoviringika.

Ile albamu iliingia kwenye orodha ya Tuzo ya Mercury mwaka huo, tuzo ya albamu bora ya Uingereza na Ayalandi. Mshindi alikuwa PJ Harvey, na kwa haki, siwezi kubishana na ile kazi yake.

---

Mkosoaji_Huru

Kwa hiyo alipata nafasi. Swali langu lipo pale pale: kwa nini hakupanda?

---

kanda_ya_zamani

Nafasi ya kwanza haikuwa hiyo, mkuu. Rudi 2005. Alichukuliwa na 679, lebo iliyokuwa na mkono wa Warner, kampuni kubwa ya muziki. Ikatoka KC Rules OK, amerekodi na bendi ya The Earlies, nyimbo fupi, safi, za redioni kabisa. 2007 ikaja Bombshell. Hapo alikuwa na bajeti, na watu wa matangazo, na ratiba. Ni albamu nzuri zote mbili, nazipenda, na KC Rules OK ningempa mtu anayeanza. Lakini hazikupasua soko, na mkataba haukuendelea. 2009 yupo Domino na Flick the Vs. Ukijua ishara ya vidole viwili ya Waingereza utaelewa hilo jina ni tusi.

Na angalia alichofanya 2010, wakati dunia nzima inahamia kwenye kubofya na kupakua. Alitengeneza albamu ambayo haiuzwi popote. Iliimbwa jukwaani tu. Unataka kuisikia, njoo ukumbini. Baada ya hapo akawa anatoa baadhi ya kazi kwenye santuri tu, mtandaoni hakuna. Yaani ameteuliwa tuzo 2011, jina linatajwa kila gazeti, biashara inamwambia sambaza, yeye anapunguza.

Mkosoaji, unaweza kuita hiyo ukaidi. Hata mimi kuna siku nauita ukaidi, hasa ninapotafuta wimbo fulani na kuukosa. Lakini kufeli ni kutaka kitu ukakikosa. Huyu sioni alitaka uwanja wa mpira lini.

---

NairobiWest_Otieno

Mimi nipo Nairobi, nimepita tu lakini nimeshikika. Kuna hii filamu niliona zamani kidogo, picha za zamani za Scotland, hakuna mtu anaongea, ni muziki tu mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na akina mama wanapasua samaki kwa kasi, visu vinaenda kama mashine. Si ni huyu alifanya hiyo muziki?

---

kanda_ya_zamani

Ni yeye, Otieno! Umenipunguzia kazi. From Scotland with Love, 2014. Mwongozaji ni Virginia Heath. Ilitengenezwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Glasgow mwaka huo. Yote imeunganishwa kutoka kwenye picha za maktaba: wajenzi wa meli, watoto wanaruka kamba, wahamiaji wanapanda meli, migomo ya wafanyakazi, na hao akina mama wa samaki. Hakuna msimulizi hata mmoja. Kenny alipewa kazi ya kuandika nyimbo za kuibeba filamu nzima.

Nadhani hapo ndipo umma wa Uskoti ulimjua vizuri. Kuna wimbo unaitwa Largs, jina la mji wa pwani ya magharibi ambako watu wa Glasgow walikuwa wanakwenda kwa meli za mvuke wakati wa likizo. Wa kuchangamka. Na kuna Cargill, wa mapenzi na bahari. Huo ndio pekee ambao mke wangu huwa haombi niupunguze sauti.

---

mjukuu_wa_dj

Madola kwangu mimi ni Filbert Bayi, Christchurch 1974, basi. Lakini filamu nitaitafuta.

---

Binti_Pangani

Na lile kundi la Fence likaishia wapi? Umesema historia.

---

kanda_ya_zamani

Liligawanyika, dada. Karibu na 2013 yeye na Johnny Lynch waliachana kikazi. Lynch akaanzisha lebo mpya, Lost Map, akiwa kisiwa cha Eigg. Hicho kisiwa nacho kina stori yake: wakaaji, watu wasiozidi mia hivi, walishirikiana kukinunua kutoka kwa mwenye ardhi mwaka 1997. Ukitaka nitafungua uzi mwingine. Ya ndani ya ugomvi wao sitayaingia.

Nilisikitika lakini ukweli ni kwamba lebo ya marafiki ni kama mchezo wa kutoa hela. Unakwenda vizuri mpaka mmoja aanze kuona anatoa zaidi.

Baada ya hapo Kenny akatoa Astronaut Meets Appleman, 2016. Humo kuna zumari la mfuko, na ameliweka bila kulifanya la kitalii, kazi ngumu hiyo. Kisha kimya kirefu. Miaka saba hakuna albamu ya kawaida, kwa mtu aliyekuwa anatoa kama mkate. Mwaka 2023 ikaja I DES.

Hiyo I DES, fundi_mitambo, usiisikilize ukiwa na haraka. Ina kipande cha sauti moja inayovutwa zaidi ya nusu saa. Nusu saa! Mara ya kwanza nilidhani simu imeganda. Mara ya pili nilikuwa natengeneza feni, nikagundua imebadilika rangi kama mara nne bila mimi kuona ilibadilika saa ngapi. Kama ule mkahawa wako.

---

fundi_mitambo

Nusu saa noti moja? Mteja wangu angedai hela yake.

---

Mkosoaji_Huru

Sawa mleta uzi, nakupa alama zako kwa kuandika. Bado nasema kipaji bila soko ni mzigo. Ila hebu nirushie hiyo Diamond Mine kwa WhatsApp nijiridhishe.

---

kanda_ya_zamani

Sirushi. Mtu amekata karatasi za kava kwa mkono miaka kumi, halafu mimi nimrushe WhatsApp? Ipo mtandaoni kihalali, hiyo haikuwa ya santuri peke yake. Anza na wimbo wa kwanza, usiku, taa zimezimwa.

---

mjukuu_wa_dj

Mimi nimeanza na KC Rules OK kama ulivyosema. Wimbo wa tatu nimeurudia. Kesho naendelea.

---

Binti_Pangani

Mrejesho. Jana usiku nimeiweka kwa spika sebuleni, watoto wamelala. Baba watoto katokea chumbani, kapita moja kwa moja hadi jikoni, kawasha taa, kasimama. Kaniuliza, "Dada wa kazi hajalala?"

---

kanda_ya_zamani

😂😂 Ukamjibuje?

---

Binti_Pangani

Nilimwambia akae. Kakaa hadi wimbo wa saba. Leo asubuhi kaniuliza kodiani linauzwa bei gani.